Bwana Dedukitioni

Miezi mitatu nilidhani ni jina la mtu.
Kwenye karatasi ya mshahara, chini ya langu,
Holo Shigela, mkata minofu, zamu ya alfajiri,
alikuwa amekaa yeye. Nilimsoma kwa Kiswahili,
herufi kwa herufi: Dedukitioni,
na mbele yake elfu kumi na nane.
Nikasema moyoni, huyu anakata sangara meza ipi,
mbona simwoni kwenye foleni ya buti?

Basi jioni nikaanza kupanda mawe ya Mabatini
hadi darasa la mwalimu Nkwabi,
stoo ya zamani ya pamba, kompyuta tisa,
mbili kati yake zinakohoa.
Mikono nimeisugua kwa ndimu na majivu,
bado vitufe vinashika shombo.
Kijana wa kompyuta ya pili huhamia ya tano.
Ahame.

Mashine haina haraka wala haina haya.
Inaleta picha, inatamka, inangoja.
Ukipatia, tiki ya kijani na kengele
kama ya muuza aiskrimu.
Ukikosea haisonyi. Inarudia.
Haikuulizi uliishia darasa la ngapi.
Mara ishirini nilikosea neno la mlango,
mara ishirini ikanifungulia.

Daftarini nayaandika jinsi sikio lilivyoyadaka:
windo, kumbe si la mwindaji, ni dirisha;
tu, kwetu basi, kwao mbili;
si, kwetu kukana, kwao kuona.
Usiku Shija ananishikia daftari nikisonga ugali,
ananicheka, ananisahihisha,
naye hajui kwamba ninayahesabu.

Somo la sita lilikuwa samaki.
Picha moja, nyama ya rangi ya waridi,
samaki wa mito ya baridi, simjui,
na neno moja: fishi.
Nikangoja mengine. Hayakuja.
Sangara fishi. Sato fishi. Ningu fishi.
Gogogo na sharubu zake zote, fishi.
Na furu, ambao bibi aliwaita kwa majina
mengi kuliko furu waliobaki?
Mwalimu Nkwabi akasema, "Mama Shija, nafasi ipo,
ongeza mwenyewe."
Nikateremka Kirumba, nikampiga gogogo picha kwa simu,
nikamtamka mara moja.
Sasa wanafunzi wa Jumamosi wakimbonyeza
wanasikia sauti yangu,
na nyuma yake makorongo wa mwaloni wakigombea matumbo.

Somo la kumi na nne, fedha.
Picha: sahani ya sarafu, na mkono
usio na mwili unachota.
Sauti ikatamka taratibu, kama inayobisha hodi msibani:
di-dak-sheni.
Chini ya picha herufi zilezile zikajipanga.
Vidole vikaganda.
Kumbe ndiye wewe.
Makato! Neno la nyumbani kabisa,
neno la baba na mizani ya pamba,
limevaa suti tu nisilitambue.

Asubuhi, kofia ya wavu kichwani, buti miguuni,
nikagonga kwa mhasibu.
Nikaweka karatasi tatu mezani,
kidole juu ya bwana yule.
Katika maneno mia mbili na sita niliyonayo
nikachagua la somo la pili, fupi kuliko yote:
Wai?

Akatazama saa ya ukutani.
"Ndiyo, umewahi, hata king'ora hakijalia."
"Nimechelewa," nikamwambia, "miezi mitatu.
Wai?"

Akavua miwani. Akaziangalia karatasi
kama mtu aliyeletewa picha
asijue abonyeze wapi.
Nje ziwa lilikuwa linapambazuka,
wenzangu wanapanga visu.
Sikusonya.
Nikangoja kidogo,
nikarudia.