Dima, kwa Wino wa Buluu

Miaka ishirini na nane nimeketi dirisha namba tatu,
ofisi ya vizazi na vifo, mjini Tafila,
kidole gumba kimeshika rangi ya muhuri, hakitakati.
Majina nimeyaandika hadi yamechujuka:
akina Nur niliacha kuwahesabu walipotimu elfu,
akina Maryam, akina Sara,
na kila baada ya Ramadhani, jina la mwigizaji
huingia mjini kama mafua.

Asubuhi ile alikuja Mutlaq, dereva wa lori la fosfati,
vumbi jeupe kwenye nyusi, kijana aliyezeeshwa na kazi,
na mkewe Wadha, kitoto kimefungwa kifuani.
"Jina?"
Mume akasema, "Fidda, kama mama yangu."
Mke akasema, "Dima."
Kalamu ikabaki hewani.

"Rima?"
"Dima. Kwa dali."
"Kwenu kuna aliyeitwa hivyo?"
"Hakuna."
Foleni nyuma yao ikakohoa.

Neno nilikuwa nalijua.
Sisi watu wa nchi kavu tuna neno kwa kila mvua,
kama mwenye njaa ajuavyo majina ya vyakula.
Kuna wabil, ipigayo ardhi kwa ngumi.
Kuna tall, umande uliojikaza ukaitwa mvua.
Kuna ghaith, ijayo mikono ikishachoka kuomba.
Na dima:
haina radi, haina umeme,
huanza bila kubisha hodi,
hunyesha mchana, ikanyesha usiku,
hata ukasahau ilianza lini.
Shina lake ni kudumu. Ndugu yake ni daima.

Nikasema, "Zuri, lakini adimu. Miaka kumi na miwili
nimeliandika mara mbili,
na mmoja baba yake alikuwa mgeni, mtu wa Homs."
Mutlaq alikuwa akitazama viatu vyake.
Wadha ndiye aliyejibu, taratibu, kama anayehesabu chenji:

"Mwanangu wa kwanza, Nayif, wa miaka saba,
alichukuliwa na bonde, Oktoba ya mwaka juzi.
Mbingu zilinguruma mara moja, huko mbali,
juu yetu jua linawaka.
Kisha maji yakaja yamesimama wima.
Kifo chake ulikiandika wewe, dirisha hilihili.
Mvua siikatai. Mbuzi watakunywa nini?
Nataka ile isiyopiga kelele."

Sikumkumbuka. Nakiri hapa, maana pale sikukiri.

Mutlaq akapangusa nyusi,
vumbi likaanguka juu ya meza yangu.
"Andika," akasema. "Fidda atasubiri."
Nikaandika: dali, ya, mim, ta ya kufungwa.
Herufi nne, na wino ukachelewa kukauka.

Baadaye ikaja tamthilia moja,
ndani yake Dima wa macho ya kijani na talaka mbili,
na mwaka ule niliandika akina Dima kumi na wanne.
Baba mmoja alidhani ni aina ya almasi.
Mwingine alisema, "Ni fupi tu, linatosha."
Sikuwasahihisha. Foleni ilikuwa ndefu,
na jina, likishatoka dirishani,
si la karani tena.

Juzi mlango ukasukumwa ukagonga ukuta.
Msichana wa miaka kumi na sita, kafuata kitambulisho,
sauti imemtangulia hatua tatu:
"Ammu! Picha gani hii? Nimekuwa mbuzi aliyenyimwa chumvi!"
Akacheka hadi mlinzi akachungulia,
hadi kipanga foleni kikaruka namba.
Nikasoma jina lake. La baba. La mama.
Nikavua miwani nikamtazama vizuri.
Radi tupu.

Nje, kwenye ngazi, Wadha kakaa na mkoba wa bintiye mapajani,
mvi zimechungulia pembeni mwa mtandio,
kila kishindo cha ndani kikimfikia
anainamisha kichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Nikampa binti kalamu atie saini.
Aliikandamiza kwa nguvu zake zote.
Alipoondoka nikafunua karatasi ya pili, kisha ya tatu:
hakuna wino,
lakini Dima yupo, kachimbika, kidole kinamsoma.