Mavuno ya Hombolo

Mvua ya mawe haikukaa. Dakika kumi,
zabibu zote chini, majani yametoboka kama chekeche.
Hakuna aliyelia. Mama alitoka na karai,
akaokota barafu kama aokotaye karanga za kibarua,
akaifukia shimoni, ndani ya pumba za uwele,
akaweka gunia, juu yake jiwe la kusagia.

"Mwaka huu tumevuna hii," alisema.

Kesho yake, jua la utosi,
tukafukua: kipande kimoja, sawa na yai la kanga,
kimeganda na punje ya uwele katikati.
Kikapita mdomo hadi mdomo. Nyemo aling'ata, akapigwa kofi.
Kilipomfikia baba kilikuwa maji.
Akayanywa kiganjani,
akafuta ndevu,
akauliza bei ya miche.