Sura ya Nne

Mke wangu ana miaka hamsini na mmoja
na kitambulisho cha mwanafunzi.
Ijumaa jioni huendesha gari saa tatu
kutoka bondeni kwetu hadi chuoni, Morgantown;
Jumapili hurudi na mkoba ulionenepa.
Mimi, niliyeyaacha mapafu yangu mgodini,
napasha supu ya maharage, nakimeza kikohozi
asije akapoteza mstari.

Udaktari huu si wa kupima mapigo ya moyo.
Mwaka wa kwanza nilimuuliza: utamtibu nani?
Akasema: kaunti.
Nikacheka hadi nikatafuta mtungi wa oksijeni.
Kaunti nzima, Dreama? Pamoja na milima yake?

Meza ya jikoni haijaona sahani tangu Machi.
Imelaliwa na ramani isiyo na majina,
vitone vyekundu, kila kimoja mtu
aliyeambukizwa kwa sindano ya kuazima.
Kimoja kiko jirani na kanisa letu.
Tunamjua. Hatumtaji.

Sura ya nne ndiyo iliyomnyima usingizi.
Humo amesimulia alivyoshindwa:
mpango wa sindano safi, kura mbili kwa moja,
hotuba yake yenye grafu kumi na tisa,
na diwani Orville Stollings akitazama saa.
Profesa aliandika pembeni, wino wa kijani:
*Na wewe je, ulimsikiliza nani?*

Jumanne Orville akabisha mlango wa nyuma,
kofia mkononi, buti zimejaa tope.
Kasikia yumo kitabuni.
Dreama hakujitetea. Alimpa kurasa, akamwashia taa.

Alisoma polepole, kidole kikishika mstari
kama mtu avukaye mto kwa kamba.
Kisha akaomba kalamu.
“Hapa umeandika nilikataa.
Niliogopa.”
Akaitazama ramani, na kitone cha kanisani
akakifunika kwa kidole gumba.

Dreama akakata neno moja, akaandika jingine.
Kurasa mia mbili na kumi, miaka minne,
mkopo utakaonikuta kaburini,
na kwa hesabu yangu shahada ilitolewa pale,
saa nne usiku, bila joho.

Mwezi ujao maprofesa watano watamhoji.
Kura itarudiwa Alhamisi.
Orville hakuahidi kitu. Alikunywa supu, bakuli mbili,
akaomba aondoke na ramani.
Dreama akamnyima; siri za watu ni siri.
Akampa grafu.
“Moja tu? Mara ile zilikuwa kumi na tisa.”
“Moja,” akasema, akamfungulia mlango.