Nilijiunga Haima

Basi la Maskati lilinishusha saa nane usiku,
mimi na boksi la karatasi refu kunishinda,
ndani yake baiskeli imekunjwa
kama mgeni aliyelazwa chumba cha watoto.
Haima: kituo cha mafuta, taa nyeupe, mikahawa miwili,
na barabara iliyonyooka hadi ikachoka yenyewe.

Ruhusa ya kazi ilichelewa siku tisa.
Siku tisa hizo Siwema, Faki na Mkubwa
walikwishapanda milima ya Dhofar bila mimi,
walikwishalala chini ya daraja la wadi kavu,
walikwishagombania kopo la maharage
na kupatana, na kulipa lile kopo jina.

Nikawakuta asubuhi mbele ya duka la Mmalabari,
weusi kuliko nilivyowaaga,
chumvi imechora ramani migongoni mwao.
Tukakumbatiana. Faki akasema, "Sheikh Kopo!"
Wakacheka watatu hadi chai ikamwagika.
Mimi nikacheka nusu, kicheko cha mdandiaji.
Chelewa chelewa, walituasa;
nami nilichelewa, nikakikuta kichekesho
kina mama na baba, kimeshaota meno.

Pedali ya kushoto hufungwa kinyume.
Mikono yangu yenye usingizi ikasahau,
nikakaza, nikakaza, chuma kikalia.
Siwema akanipokonya spana bila neno.

Kilomita mia moja hadi Ghaba,
na upepo wa kaskazini umesimama katikati ya njia
kama ofisa aliyegoma kugonga muhuri.
Mimi ni wa Pemba. Kwetu kila mpando
una malipo yake ya kushuka.
Hapa ni changarawe na mbingu,
hakuna wa kumdai.
Malori ya mafuta yakatuvuta, yakatusukuma.
Ngamia mmoja akatutazama
kwa midomo ya shangazi asiyeridhika na mahari.

Kilomita ya thelathini na nne nikaachwa.
Si kwa ubaya. Miguu yao ilikuwa na siku tisa,
yangu ina asubuhi moja.
Wakawa nukta tatu, kisha mbili, kisha joto linalotetemeka.
Nikasema kimoyomoyo maneno ambayo sitayaandika,
kuhusu urafiki, na kuhusu siti yangu.

Kisha nukta moja ikaacha kupungua.
Mkubwa, aliyeazima pampu yangu tangu kidato cha tatu
na hajairudisha,
amesimama, mguu mmoja chini, anakula tende.
Hakusema pole.
"Kaa nyuma ya tairi langu. Karibu.
Karibu zaidi, usiogope kunigonga.
Upepo nitaula mimi. Wewe kula tende."

Nikakaa. Dunia yangu ikawa upana wa kiganja:
tairi, kiraka cha suruali, kokwa anazozitemea kushoto.
Nyuma ya mgongo wa mtu kuna chumba kidogo
kisicho na upepo, hakina kodi, hakina mlango,
na huwezi kukaa humo
ila mwenzio amekubali kuumia.

Ghaba tulifika giza limeshaingia.
Nikaomba nielezwe Sheikh Kopo.
Wakaeleza wote kwa pamoja, wakasahihishana,
Faki akasimama akaigiza, sufuria kichwani.
Haikuchekesha hata kidogo.
Nikawaambia hivyo.
Kimya. Jiko la gesi likanguruma peke yake.
Ndipo Siwema akanyanyua spana, akaikaza hewani
kinyume, macho kayatoa, ulimi nje,
sura yangu ya asubuhi ile ile,
na tukacheka wanne,
mimi wa mwisho kunyamaza.

Kesho yake, kilomita mbili za mwanzo,
mbele nilikaa mimi.
Mbili tu. Upepo ukanipiga kifua, ukaniuliza jina.
Sikugeuka.
Nyuma yangu, karibu kabisa na tairi,
nikasikia kokwa ya tende ikitemwa.