Meno

Mbele nilifunga meno thelathini na mawili,
sawasawa na kinywa cha mtu mzima.
Nyuma, kumi na sita.
Kando ya mfereji wa Hebden Bridge nilipaa;
kwenye mawe ya kupandia Heptonstall
nikashuka, nikaiburura baiskeli kama mbuzi wa mnadani.

Fundi Enid hakucheka.
Alihesabu kwa kidole chenye grisi:
"Ishirini."
Idadi ya meno ya Raya, binti yangu,
kabla la kwanza halijalegea.

Sasa bondeni miguu inapwaya,
nazungusha weee, bata wananitazama.
Lakini kilimani, mvua ikinichapa,
kinywa kikubwa kinatafuna taratibu,
kidogo kinameza.

Jumapili nilifika kanisani bila kukanyaga chini.
Pumzi ya kujisifu sikuwa nayo.