Wewe wa Mgongo

Aliyegundua ni mama, na si kwa elimu ya spitali.
Alikuwa ananishonea gauni la Sikukuu Ndogo,
pini mdomoni.
Akavuta pindo huku, likapanda kule.
Akafumua, akashona. Likapanda tena.
Akaweka mkasi chini,
akanipitisha kidole uti wa mgongo, polepole,
kama anayetafuta sindano iliyoangukia mkekani.
"Si gauni," alisema.

Tangu hapo eksirei saba, miaka mitatu,
zimo ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro lake.
Usiku humsikia akizihesabu,
zinalia kama bati jembamba.
Alimuuliza Dokta Shaame:
"Hiyo miali inayompita mwanangu, inakwenda wapi?
Na siku akitaka kuzaa?"
Dokta akanyamaza. Nikampenda kwa kunyamaza kule.

Leo ni foleni nyengine.
Benchi la chumba namba nne, spitali ya Wete:
waja wazito wanane, na mimi,
miaka kumi na mitatu, sare ya skuli.
Wananitazama tumbo.
Mmoja anavuta istighfari, kwa sauti ya kutosha.
Mama kakaa wima, hasemi.

Mlango ukafunguka. Bi Mgeni Faki, glavu mkononi,
sauti ya mnadani:
"Wahida Kombo! Wewe wa mgongo, ingia!"
Benchi zima likageukia ukuta.

Jeli ya baridi. Nikaruka.
"Tulia. Humu hamna miali, ni sauti tu,
nyembamba, haisikii hata popo.
Inabisha mfupani,
mfupa haukubali kupitwa, unairudisha."
Akashuka na kipimo, shingoni hadi kiunoni,
na kwenye kioo nikajiona:
vijiwe viwili viwili vinang'aa, giza nyuma yake,
barabara ya zamani ya Chake, kona kwa kona.

Akachora mistari miwili.
"Digrii ishirini na nne."
"Mara ya mwisho ishirini na mbili," mama akasema, bila karatasi.
"Mbili si kitu, Bibie, hata mkono wangu hutetemeka.
Eksirei tutapiga ikilazimu.
Hii njooni hata kila mwezi."

"Hata kila mwezi?"
Mama akanifuta jeli kwa upindo wa kanga yake,
akarudia kufuta pale palipokwisha kukauka.

Nje, yule wa istighfari akasogeza mkoba.
"Kaa, mwanangu."
"Tunakwenda," mama akajibu.
"Nina pindo la kushusha."