Mshipa Uliokaa Macho

Alipoingia alisema, "Kamwene,"
kama anavyowaambia wateja wake wote
tangu duka la mablanketi lilipokuwa la baba mkwe,
na Kihehe chake kina mlio wa jikoni kwao,
mbegu za haradali zikirukaruka mafutani.
Hansaben Chavda. Miaka sitini na mmoja.
Mguu wa kushoto umevimba,
kikuku kimezama nyamani.

Wiki mbili alikuwa akiambiwa ni baridi.
Julai ya Iringa husingiziwa mengi.
Mkamwana alimkanda kila jioni kwa mafuta ya moto,
kwa upendo, kutoka kisigino kwenda juu,
kuelekea moyoni.
Niliposikia hilo niliweka kalamu chini.

"Umesafiri, mama?"
Dar, harusi ya mpwa. Wakati wa kurudi
malori mawili yalilaliana Kitonga,
saa sita kwenye kiti, hakushuka hata kujisaidia.
"Mtu wa umri wangu, nichutame wapi, kichakani?"

Daktari Kihwele ni mtu mwema.
Kwenye fomu ameandika: misuli.
Chini yake, kwa penseli: picha, akitaka.
Chuoni tulifundishwa, yeye na mimi,
kwamba damu ya Waasia haigandi ovyo mishipani,
kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu,
tukanakili, tukafaulu mtihani.
Hatukuuliza nani aliwahesabu,
wala kama mhesabuji aliwahi kumbonyeza hata mmoja.

Nikapaka jeli. Akaruka: "Hii nayo umeitoa kwenye friji?"

Mshipa mzima ni mpole.
Ukiubonyeza unafumba, kama jicho la mtoto
ukilipitishia kiganja. Ukiachia, unafumbua.
Kinenani, ukafumba.
Katikati ya paja, ukafumba.
Nyuma ya goti nikabonyeza,
nikabonyeza tena,
nikabonyeza hadi gumba likaniuma,
na mshipa ukanitazama tu,
umekodoa, umejaa.

"Nini?"
"Damu imeganda, mama. Na asikukande mtu tena,
donge likichomoka litapanda mapafuni."
Akanyamaza. Kisha akacheka, tumbo likatikisa mashine.
"Mwezi huu mtindi umenigomea.
Naufunika blanketi jipya la dukani,
nauweka kando ya jiko, asubuhi maji matupu.
Kumbe umekuja kugandia huku!"

Sindano za tumboni, asubuhi na jioni.
Halafu vidonge, dozi ya kitabuni.
Siku ya tisa alipiga mswaki, beseni likawa jekundu.
Kipimo kikasoma saba
mahali tulipotaka mbili, tatu ikizidi.
Kihwele akasimamisha vidonge, akakaa na kitabu,
kitabu hakikusema neno.
Damu ilipotulia akachukua wembe,
akakata kidonge nusu, akaikata nusu nusu.
"Nguo ilishonewa mtu mwingine," alisema, "tupunguze pindo."
Kila Jumatatu tulipima.
Mwezi ulipoandama: mbili na nusu.

Aliuliza habari za mchicha na majani ya uwatu.
Kula, nikamwambia, ila kiasi kile kile,
usifunge wiki moja halafu wiki nyingine ukafanya sherehe.
Damu yako sasa inatunza daftari.
"Hilo naliweza," akasema muuza duka.

Usiku ule nilihesabu
miguu niliyoiandikia baridi.
Bwana wa spea za matrekta.
Yule binti aliyejifungua, wiki ya pili
akaanguka kwenye ngazi za kwao,
tukasema moyo.
Sikuwabonyeza.
Hawamo kwenye kitabu chochote,
na kitabu, kwa kutowaona, kinasema ni wachache.

Leo yuko mlangoni Mbaluchi kutoka Rujewa,
Mzee Shahdad, mkulima wa mpunga,
mguu mmoja mnene kama mgomba.
"Wamesema baridi," anasema.
Rujewa! Kule jua linakopasua matuta.

Nachukua chupa ya jeli.
Kwanza naipasha kidogo
katikati ya viganja vyangu.